Limbuko la Ukuta wa 11-C

Uliisikia. Usiniambie ulikuwa bafuni, usiniambie redio ilikuwa juu. Ijumaa saa mbili na robo asubuhi, koki ya ghorofa ya kumi na moja ilipofungwa, mabomba ya Mnara wa Tatu yalikohoa kutoka juu mpaka chini, na kila aliyekuwa jikoni aliinua kichwa. Halafu ukafanya nini? Uliutazama ukuta wako. Uliona ukungu bado unatoka, mchicha bado umesimama, ukashusha pumzi, ukaendelea kukoroga chai.

Nakujua. Nimefungua na kufunga mabomba ya jengo hili miaka kumi na tisa. Najua nani huinua kichwa na nani huuliza. Ijumaa vichwa viliinuka vingi. Aliyeuliza hakuna.

Basi keti nikueleze. Au usikae. Mwenyewe nimeandika haya nimesimama.

*

Agizo lilinifikia Jumatatu asubuhi kwenye kile kisahani cha kioo wanachotufunga mkononi sisi mafundi: PUMZISHA 11-C. Hawasemi funga, hawasemi ua. Pumzisha, kama vile ukuta umechoka umeomba likizo.

Nilipanda kwa ngazi kwa sababu lifti ilikuwa imebeba magunia ya nyuzi za mkonge. Mlango wa 11-C ulikuwa wazi. Huwa wazi siku zote. Anakaa humo Bibi Nyemo, aliyekuwa mpishi wa shule ya bweni miaka arobaini, na mpaka leo humwita mtu mmoja kwa sauti ya kuwaitia chakula wanafunzi mia sita.

"Mbukwa, bibi."

"Mbukwa, Yoram! Umekuja kula au umekuja kunifungia?"

"Nimekuja kuangalia."

"Mtu wa kuangalia habebi spana kubwa hivyo. Ingia. Vua viatu, nimepiga deki."

Ukuta wake ulikuwa mahali ulipo wako, upande wa jikoni: mifuko tisini na sita ya mkonge, safu nane kwenda juu, kumi na mbili kwenda pembeni. Nyuma yake kuna mabomba membamba. Maji ya kuoshea vyombo na ya kuogea yanashuka kwenye mchanga na mkaa, yanapita kwenye ndoo ya minyoo yenye maganda na makombo, pampu inayapandisha, vinyunyizi vinayapuliza kama ukungu kwenye mizizi inayoning'inia gizani. Udongo hakuna. Shamba zima linaenea mahali pa kabati. Nilipousimamisha ukuta wa kwanza humu nililia, sioni aibu kusema. Mama yangu alikufa akipigania robo eka ya kokoto, na hapa mtu anavuna mboga bila kuinama.

Ila kila mfuko umening'inizwa kwenye mizani ndogo. Kila siku saa moja kamili asubuhi mizani zote za mnara zinasema uzito wa majani yake, na mashine tunayoiita Mpimaji inajumlisha. Visima vimeshuka, mvua unazijua mwenyewe. Kwa hiyo kila mwezi ukuta mmoja, ulio mwepesi kuliko wote, unapumzishwa. Na kwa kuwa usiye na ukuta hurudishi maji kwenye mzunguko, bomba lako la ndani nalo linapunguzwa nusu. Ndoo mbili kwa siku: za kuoga, kupika, kufua na kufa.

Ukuta wa Bibi Nyemo ulikuwa kilo moja na nusu. Vijiche vya mlenda, mchicha wa urefu wa kidole, mifuko mingi imenyolewa.

"Bibi, majani yako wapi?"

"Yameliwa! Kwenu majani huwa yanapigwa picha?"

"Umeyala peke yako? Mashine inaonyesha minyoo wako ndio bora mnara mzima. Huu ukuta unatoa kilo tatu kwa siku."

"Nimekuwa mbuzi mimi? Tazama." Alishika mfuko mmoja mtupu. "Huu niliupanda lini?"

"Kama wiki tatu."

"Leo alfajiri nimeung'oa. Umechumwa mara ngapi?"

"Mara ya kwanza."

"Mchumo wa kwanza ni wa nani?"

Alinikazia macho kama anavyomkazia mtoto aliyesahau somo.

"Ni limbuko," nikasema. "La jirani."

"Kumbe mama yako alikulea."

Ndipo nikauona mkosi wote, na ninyi hesabu si mnajua. Shambani limbuko ni mara moja kwa mwaka. Unachuma cha kwanza, unampelekea jirani, kisha msimu mzima unaobaki ni wako. Lakini ukutani mboga hung'olewa na mzizi wake na mfuko unapandwa upya. Mchumo wa pili haupo. Kila mchumo ni wa kwanza. Bibi Nyemo alikuwa anatoa limbuko kila siku ya Mungu, saa kumi na moja alfajiri, kabla jua halijagusa majani, kwa sababu mlenda uliopigwa na jua, anasema, unanuna chunguni. Saa kumi na mbili mafungu yako milangoni kwenu. Saa moja Mpimaji anauliza 11-C ina nini, na 11-C haina kitu.

"Na wewe unakula nini?"

"Mashina. Na sahani zilizorudi. Zamani sahani hairudi tupu, Yoram. Inarudi na unga, na dagaa, na hata chumvi." Alicheka kidogo, akaangalia pembeni. "Siku hizi zinarudi zimeoshwa vizuri sana."

Alipokwenda kutia maji ya chai, nilifungua mfuko wangu wa kazi. Nilikuwa na kokoto za kuchujia. Nilizitumbukiza mbili mbili katika mifuko thelathini, chini, karibu na mizizi, mahali jicho halifiki. Nikanywa chai. Nikaaga.

Kesho yake 11-C ilikuwa kilo nne na nusu. Agizo likafutika lenyewe. Nilitembea siku nzima napiga mluzi, mjinga mimi.

*

Jumatano kisahani kikalia tena: PUMZISHA 10-A.

Nikasimama kwenye ngazi, spana mkononi. Mpimaji haisamehi. Inahama. Ukimwondoa wa mwisho, aliyemtangulia ndiye anakuwa wa mwisho. Nililijua hilo siku zote, ndiyo kazi yangu, lakini ni tofauti kulijua na kulipandia ngazi.

10-A ni kwa Zulfa, mama Kulwa. Mapacha wa miezi minne, Kulwa na Doto, na mume anayeendesha lori kwenda Rusumo. Alinifungulia mtoto mmoja yuko mgongoni, mwingine anamnyonya.

"Fundi, usiseme. Nimekiona hicho kidude chako kinawaka."

"Vinyunyizi vyako vimeziba, mama Kulwa. Ukivisafisha kila jioni…"

"Kila jioni! Niambie basi, nilale saa ngapi, niwe mkulima saa ngapi? Shika huyu." Akanipa Doto. "Shika vizuri, si bomba hilo. Haya, mwangalie usoni umwambie ndoo mbili kwa siku. Nepi zao peke yake ni ndoo tatu."

Doto alinishika ndevu. Juu ya meza palikuwa na fungu la mlenda limefungwa kwa ukindu. Nililijua lile fundo.

"Bibi wa juu," Zulfa akasema alipoona natazama. "Kila siku. Nisingekuwa na maziwa mimi. Hawa watoto ni mlenda wa 11-C watupu."

Nilimrudishia mtoto. Nilimwambia koki yake imeshika kutu, nitarudi Ijumaa na mafuta. Uongo wa pili katika wiki moja. Nilishuka ghorofa kumi kwa kasi kama mtu aliyeiba.

*

Bwana Kihwelo, msimamizi wetu wa Ofisi ya Kuta, si mtu mbaya. Ningefurahi awe mbaya, kazi ingekuwa rahisi. Alinisikiliza mpaka mwisho, hata habari ya kokoto nilimwambia. Akavua miwani.

"Yoram, mizani haina jirani."

"Basi ni mizani ya kipumbavu."

"Inawezekana. Lakini maji yanayotosha kuta hamsini na sita hayapo. Yapo ya hamsini na tano, mwezi ujao yatakuwa ya hamsini na nne. Unataka nimfungie nani? Nipe jina moja." Akavuta karatasi, akashika kalamu. "Moja tu. Nitaandika kwa mkono wangu, mashine itatii. Sema."

Niliona milango yote ya mnara mbele yangu. Nilifungua mdomo. Jina lilikuwa kwenye ulimi, na nusu yenu mngelishangilia. Nikafunga mdomo.

"Unaona?" akasema, bila kunicheka. "Ndiyo maana tukaweka mizani. Ili asiwepo mtu wa kusema."

"Saa moja nani aliichagua?" nikauliza.

Aliiweka kalamu chini. "Umesahau kweli, au unataka niseme mimi?"

Sikusahau. Mimi huwa sisahau, ndio ugonjwa wangu. Miaka minane iliyopita, chumba hicho hicho, mhandisi msichana alisema tupime saa kumi alfajiri, mimea ikiwa imejaa maji na haijaguswa na mkono. Enzi hizo fundi alipaswa kuwepo wakati wa kupima. Ni mimi niliyesema, "Nani ataamka saa kumi? Wekeni saa moja." Watu wakacheka. Yule msichana akafuta, akaandika saa moja. Kwa usingizi wangu wa masaa matatu, Bibi Nyemo akawa mvivu wa mnara.

"Irudishe saa kumi," nikasema.

"Siwezi. Mnara mmoja ukibadilisha saa, minara yote tisa ya Ntyuka inavurugika. Andika ombi. Litajibiwa."

"Lini?"

"Kabla ya mvua."

Mvua yenyewe hakuna aijuaye siku yake. Hata yeye alijua alichosema.

*

Alhamisi nikapanda 7-B. Ndiyo, namtaja mwenye chumba, maana niliyoyaona humo nilishamwambia usoni. Mwalimu Danford, mstaafu, ana cheti ukutani kimeandikwa Ukuta wa Mfano. Kilo tisa, mwaka wa tatu mfululizo.

Ukuta ule ni wa kutazama. Figili zimepanda juu mpaka zimetoa maua. Mchicha umekomaa, shina kama kidole gumba. Nikavunja jani, nikatafuna: kamba tupu.

"Mwalimu, huu mchicha umezeeka kukupita."

"Heshima kwa mzee, fundi."

"Mbona huchumi?"

"Nikichuma nitashuka."

Hakujificha. Hilo namsifu. Jikoni chungu kilikuwa kinatokota, harufu ya mlenda na karanga imejaa nyumba nzima. Kwenye karai kulikuwa na sahani sita za bati zenye ua jekundu. Sahani za shule ya bweni.

"Hizo si za Bibi Nyemo?"

"Zake. Nilisema nitazirudisha zikifika kumi, nisimsumbue."

"Mwalimu. Unakula mboga zake, unatundika zako kwenye mizani, na Jumatatu yeye ndiye aliyetakiwa kufungiwa maji."

Alizima jiko. "Mke wangu ana sukari, Yoram. Miguu yake inaoshwa mara tatu kwa siku. Kabla ya hiki cheti kutuhakikishia maji tulikuwa tunamfuta kwa kitambaa. Sasa niambie kweli, sio ya mkutanoni. Ungekuwa mimi, ungechuma?"

Nilitaka kumjibu vikali. Nimejifunza kusema vikali, sikwenda shule ya kunikataza. Lakini nikakumbuka ukuta wangu mwenyewe, 2-D, kilo sita. Sijala mchicha wangu tangu mwezi wa tatu. Mimi pia hupata fungu lenye fundo la ukindu. Nilikuwa nasema moyoni ni shukrani ya fundi.

"Sijui," nikasema.

"Karibu chakula basi," akasema mwalimu, na wote wawili tuliona haya.

*

Ijumaa asubuhi sauti ya mia sita ilinikuta ghorofa ya nne.

"YORAM!"

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda mbele ya ukuta wake. Sakafuni, juu ya kitambaa cheupe, kokoto sitini zimepangwa kumi kumi.

"Nimeng'oa mchicha nikapata mawe. Nikasema labda nimekufa niko jehanamu. Nikaendelea kung'oa."

"Bibi, nilitaka…"

"Ulinifanya mwizi ndani ya nyumba yangu. Na hukuniambia hata ninachoiba. Jana Zulfa ameniletea sahani, analia, eti anafungiwa yeye. Nikauliza kwa nini yeye, juzi mizani yake si ilikuwa juu yangu? Akasema hajui. Mimi nikajua. Nimegawa chakula miaka arobaini, najua sahani moja ikiongezwa imetoka wapi."

"Nikiyatoa mawe wanakufungia wewe."

"Kwani nimekuuliza? Lete spana."

"Bibi, subiri. Mizizi hii iko hewani. Bila ukungu inakaa siku mbili tu. Siku ya pili ikiisha, hata maji yakirudi ni kupanda upya, na aliyepumzishwa hapewi mbegu mpaka msimu ujao."

"Nimesikia. Lete."

Sikumpa. Aliichukua mwenyewe kwenye mkanda wangu. Alipiga goti, akaguna, akaweka spana kwenye koki. Mikono iliyosonga ugali wa shule nzima haihitaji msaada. Mabomba yakakohoa. Ndiyo ile uliyoisikia.

Kisha akachuma kilichokuwa kimebaki, akakifunga kwa ukindu, akanipa.

"Peleka 7-B. Mama yule miguu inamsumbua, mlenda ni laini."

"Bibi, hao hao?"

"Limbuko halichagui jirani. Likichagua ni rushwa." Akajinyoosha kiuno. "Ila mwambie mumewe mwalimu sahani zangu nazitaka. Nitapikia nini wageni?"

*

Sasa nisikilize, maana muda unakwisha na mimi miguu inaniuma kwa ngazi.

Jana, nilipotoka 11-C, nilikaa mpaka mchana na kitabu cha Mpimaji, kile kinene walichotaka kukichoma tulipohamia kwenye visahani. Nilikiokota jalalani, na ndicho kilichonifundisha hili. Ukurasa wa mia na kumi na mbili. Mashine inaamini ukuta mmoja mwepesi ni uvivu. Lakini ikiamka asubuhi moja ikakuta zaidi ya nusu ya kuta za mnara ziko chini ya kilo nne, haisemi uvivu. Inasema ugonjwa wa mimea. Na ikisema ugonjwa, inatuagiza mafundi tufungue koki zote, za aliyepumzishwa pia, inagawa maji sawa kwa sawa, na inabaki hivyo mpaka aje mtu kutoka nje kukagua. Huyo mtu, kama ninavyowajua, atakuja kabla ya mvua.

Sawa kwa sawa maana yake kila mmoja wetu atapungukiwa. Sikudanganyi, nimeshadanganya vya kutosha wiki hii. Kama kikombe kimoja kwa kila ndoo. Mke wa mwalimu atapungukiwa kikombe. Doto atapungukiwa kikombe. Wewe pia.

Zaidi ya nusu ya hamsini na sita ni ishirini na tisa. Nimegonga milango tangu jana mchana. Ukuta wangu ni wa kwanza. Zulfa ni wa pili, ingawa alinitukana kwanza. Nina kumi na saba. Mwalimu Danford alifungua, akaniuliza, "Wangapi wamekubali?" Nikamwambia. Akasema atafikiri. Ninyi nyote mnauliza wangapi wamekubali. Mnauliza wangapi ili msiwe wa kwanza, na mkisikia wengi mtasema basi mimi sihitajiki. Inatakiwa milango kumi na miwili zaidi, na wako uwe mmojawapo. Ungekuwa umekwisha kubali usingekuwa unasoma mpaka hapa, ungekuwa unasuka ukindu.

Leo ni Jumamosi. Mizizi ya 11-C imefikisha siku moja. Nimetoka huko sasa hivi: ncha zimeanza kuwa kahawia, bibi anazipulizia maji kwa mdomo, kikombe kimoja katika ndoo zake mbili, mfuko baada ya mfuko, tisini na sita. Kesho saa mbili na robo itakuwa imekwisha. Mizani inasema saa moja. Kuna saa moja na robo kati ya hapo, na ndiyo tuliyo nayo.

Amka saa kumi na moja. Ng'oa vilivyokomaa na vilivyozeeka, acha miche tu. Usivitie chunguni mwako. Funga fungu, mpelekee jirani yako wa kushoto, halafu mwingine, na kama hujui jina lake, uliza. Toa na ile sahani ya bati yenye ua jekundu iliyo kwenye karai lako. Usijifanye huna. Kila nyumba humu inayo.

Iwekee kitu ndani. Ipandishe ghorofa ya kumi na moja. Mlango uko wazi.